Wodi Haishibi

Wanangu mnaoanza mwaka wa utarajali, nanyi mlio bado darasani mkingoja siku ya kuvaa koti jeupe, naomba mnisikilize. Mimi ni mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mkoa, na watarajali waliopita mbele ya macho yangu ni wengi. Baadhi yao leo ni mabingwa. Wengine wameacha tiba kabisa, na ninapokutana nao mjini hawapendi kuulizwa sababu. Sina la kuwafundisha kuhusu dawa. Nataka kuwaonya juu ya jambo lisiloulizwa kwenye mitihani yenu, ambalo nimeliona likiwamaliza vijana, tena likianza na wenye roho nzuri.

Wodi haishibi. Ukiipa saa 12 itazila, ukiipa saa 36 itazila zote, na asubuhi itataka nyingine. Anayesema atapumzika kazi ikiisha hatapumzika, kwa sababu mama mmoja akijifungua salama, gari la wagonjwa linapiga honi getini na mwingine. Na ukionekana hukatai, wewe ndiye utakayetumwa. Mwenzako akiugua, utaambiwa ushike zamu yake. Watakuita jembe. Sifa hiyo ni tamu sana kwa kijana aliyetoka chuoni juzi, na kwa ajili yake wengi huficha uchovu mpaka unapojitokeza wenyewe mahali pabaya.

Msidhani ni mambo ya siku hizi au ya watoto waliodekezwa, kama mtakavyoambiwa na baadhi ya wakubwa wenu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watumishi wa kliniki ya bure aliyokuwa akijitolea jioni baada ya kumaliza kazi zake za mchana. Aliona waliojitoa zaidi ndio walioishiwa kwanza: wakawa wakali, wakachoka hadi kwenye mifupa, wakaanza kuwadharau watu walewale ambao wao walikuja kuwasaidia. Naye mwenyewe yalimfika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likasema wazi kuwa yenyewe si ugonjwa, ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Shirika liliangalia kazi, halikusema ni udhaifu wa mtu.

Dalili zilizotajwa ni tatu, nami nitawaeleza zinavyoonekana wodini. Ya kwanza ni kuchoka kusikoondoka kwa kulala. Unalala siku nzima ya mapumziko, unaamka mwili umelegea, na ukikumbuka kesho una zamu, tumbo linajikunja. Ya mwisho ni kujiona hufai, kwamba lolote unalofanya halisaidii, hata pale mgonjwa aliyekuwa taabani anapokushika mkono kukushukuru.

Ya katikati ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu hiyo mgonjwa ndiye anayeilipia. Moyo unajitenga. Mama mwenye jina lake anakuwa "yule wa kitanda cha sita". Akilia kwa uchungu, unasikia kelele tu. Wanawake wa nchi hii wanayajua maneno wanayotupiwa wakiwa kwenye kitanda cha kujifungulia. Siwezi kuyaandika hapa, na nyinyi mmeshayasikia. Hakuna uchovu unaoyahalalisha. Lakini nimewajua wengi walioyasema, na nawaambia kwa uhakika: hawakuingia kazini na ulimi huo. Niliwaona mwaka wao wa kwanza wakiwafuta wagonjwa jasho, wakiwaletea chai kutoka nyumbani. Ulimi ule ulikuja baadaye, pole pole, zamu baada ya zamu, na hakuna aliyewauliza wana nini. Wenzao walisema tu kwamba wameshazoea kazi. Kwa hiyo siku utakapojikuta unamkasirikia mgonjwa kwa sababu amekuja, usipite. Usijitetee kwamba ndivyo hospitali ilivyo. Mwambie mtu siku hiyohiyo.

Niwasimulie jambo moja. Saa kumi alfajiri aliletwa mama kutoka kituo cha afya, ameshapata degedege mara mbili kwa kifafa cha mimba. Kule kituoni walikuwa wamempa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, gramu 10, tano kila upande wa makalio, na wakaandika hivyo kwenye karatasi ya rufaa. Karatasi alikuwa nayo mama mkwe, ameifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli ya kurudia. Daktari mtarajali aliyekuwa zamu hakuwa amelala tangu asubuhi ya jana yake. Alikuwa ametoka tu kumsaidia bingwa katika upasuaji wa tatu wa usiku ule. Akaagiza dozi ya kuanzia, nzima, upya.

Nikampa karatasi. Akaisoma. Akairudia. Niliyaona macho yake yakipita juu ya mistari na kilichoandikwa hakiingii, huku mkono umeshaelekea kwenye trei. Nikamwambia, "Daktari, huyu ameshapewa. Tupime kwanza." Tukamgonga goti tukaona mguu unaruka. Tukahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya ukutani. Tukatazama mfuko wa mkojo, tukaweka kalsiamu glukoneti karibu, maana magnesiamu ikizidi mwilini husimamisha pumzi. Mama yule alitoka hospitalini na mtoto wake. Na daktari yule alikuwa bora katika kundi lake. Ungemwamsha kutoka usingizi mzuri angekutajia kipimo cha magnesiamu bila kukosea. Usiku ule alikosa usingizi wenyewe.

Wanasayansi wamelipima hilo. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinamnyang'anya mtu usukani. Mwaka 2004 timu ya Boston iliyoongozwa na Christopher Landrigan ilifuatilia watarajali katika wodi za wagonjwa mahututi: walipofuata ratiba ya kawaida yenye zamu ndefu, makosa makubwa ya tiba yalizidi kwa asilimia 36 yale waliyofanya walipopunguziwa saa. Walikuwa ni watu walewale, wenye vyeti vilevile.

Hata Marekani hawakuamka wenyewe. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali ya New York akiwa mikononi mwa madaktari wanafunzi waliokuwa wakifanya zamu ndefu na kuhudumia wagonjwa wengi. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 1989, na mwaka 2003 kikaenea nchi nzima kwa madaktari walio mafunzoni. Saa 80 bado ni nyingi. Ulaya sheria ya kazi inataka wastani usiozidi 48. Sisi kwetu tuna upungufu wa watu, nao ni wa kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili kufikia malengo ya maendeleo, na sisi tuko chini sana ya hapo. Mganga mfawidhi wako anapopanga ratiba anapanga na watu alionao. Mwonee huruma kwa hilo. Lakini msimruhusu ageuze upungufu kuwa desturi, kwamba mtarajali ni lazima ateseke kwa sababu naye aliteseka.

Kupunguza saa nako kuna mtego wake: zamu zikiwa fupi, mgonjwa anapita mikono mingi, na kinachosahaulika pale mlangoni ndicho kinachoua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo la kukabidhi zamu liko ndani ya uwezo wenu na halihitaji bajeti. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali 9 za watoto za Amerika Kaskazini ambako madaktari wanafunzi walifundishwa kukabidhiana zamu kwa utaratibu mmoja. Makosa yalipungua kwa asilimia 23. Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Unaanza na mgonjwa aliye taabani zaidi, wala si wa kitanda cha kwanza. Unasema kwa ufupi amekuja na nini, kimefanyika nini, kimebaki nini, na usiku huu anaweza kubadilika vipi na afanyiwe nini akibadilika. Kisha anayepokea anarudia kwa mdomo wake alichosikia. Hilo la mwisho ndilo wengi hulikwepa kwa aibu au kwa haraka ya kuwahi gari. Msilikwepe.

Na ukishakabidhi, nenda. Nimewaona watarajali wakikabidhi saa mbili asubuhi, saa nane mchana bado wako wodini, mara wanatafuta majibu ya maabara, mara wanasukuma kitanda kwenda eksirei. Wanahisi wakiondoka mgonjwa wao atakufa. Mwanangu, aliyepokea zamu naye amesoma. Kumwachia kazi ni kumheshimu.

Sasa niguse lile linalouma kuliko saa. Utamkuta mama anavuja damu baada ya kujifungua. Unajua la kufanya, umelifanya lote, na sasa anahitaji damu. Benki ya damu wanakuambia kundi lake limeisha. Unawatuma ndugu wakachangie. Mmoja anaogopa, mwingine hajala tangu jana, wa tatu yuko njiani kutoka kijijini. Unamshika mama mkono huku unaona kope zake zinapauka. Baadaye unatoka nje kumwambia mumewe, na kesho yake unamwandikia ndugu wa mgonjwa mwingine akanunue glovu na kanula duka la dawa lililo mbele ya geti. Kijana anayepitia hayo kila wiki hawezi kuponywa kwa likizo ya siku mbili. Kinachomla ni kujua namna ya kuokoa na kuzuiwa kuokoa.

Msibebe vifo hivyo peke yenu. Mgonjwa akifia mikononi mwenu, kabla hamjakimbilia kitanda kingine, simameni waliokuwepo wote, daktari, muuguzi, mhudumu wa usafi aliyeshika taa, mnyamaze kidogo, kisha mmoja aseme kilichotokea. Ni dakika tano. Zamu ikiisha, mtafute mtu mmoja umsimulie kifo kile tangu mwanzo, bila kuruka. Huko London, miaka ya 1950, daktari Michael Balint na mkewe Enid walianza kuwakutanisha madaktari wa kawaida katika vikundi vidogo wakazungumzie mgonjwa mmoja na jinsi alivyowagusa, si vipimo vyake. Vikundi vya namna hiyo vipo mpaka leo katika nchi nyingi. Sioni kinachowazuia nyinyi kukaa watu sita chini ya mwembe wa hospitali mara moja kwa wiki mbili.

Hapa nawageukia mabingwa na wakubwa wa idara, maana najua nao watayasoma haya. Mkutano wa asubuhi umegeuzwa mahakama. Kijana aliyepoteza mgonjwa usiku anasimamishwa mbele ya watu arobaini, anaulizwa kwa sauti kwa nini hakuita mapema, na anayemuuliza ndiye ambaye simu yake ilikuwa haipokelewi. Daktari Albert Wu wa Marekani aliandika mwaka 2000 kwamba kosa la tiba lina majeruhi wawili: mgonjwa kwanza, na baada yake mtabibu aliyehusika. Mapitio ya vifo vya uzazi yamewekwa ili tujue mfumo ulikatika wapi, bila kumtaja mtu wala kumlaumu. Mkimvunja kijana hadharani, wiki ijayo atawaficha jambo, na hilo atakalolificha litamuua mama mwingine. Ulizeni kwanza, "Umelala? Umekula?" Kisha ulizeni kuhusu mgonjwa.

Kuhusu posho nitasema machache. Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na jambo kubwa lililowatoa wodini ni watarajali: kuchelewa kupangiwa vituo, na kulipwa chini ya makubaliano ya mwaka 2017. Sipendi mgomo, nimeshaona wodi isiyo na daktari. Lakini mtu asiyejua atalipa kodi ya nyumba kwa fedha gani hawezi kutulizwa kwa semina ya namna ya kuvuta pumzi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliona kuwa hatua zinazobadilisha kazi yenyewe, ratiba na mzigo na namna timu inavyofanya kazi, zinasaidia kuliko zile zinazomwachia daktari peke yake ajirekebishe. Kwa hiyo mkiletewa mafunzo ya kuvumilia, yahudhurieni, kisha ulizeni ratiba itabadilika lini.

Mwili wako una madai yake. Kula kabla ya zamu ya usiku, chakula cha kweli, usitegemee chai na maandazi ya kantini mpaka asubuhi. Ukipata nusu saa saa nane usiku, lala. Mwambie muuguzi akuamshe, sisi tunajua kuamsha. Ukitoka zamu usiendeshe pikipiki wala gari. Zamu za pembeni katika zahanati za watu binafsi zitakuvutia, kwa sababu mdogo wako anadaiwa ada na ukoo mzima umeambiwa sasa una daktari. Wasaidie unavyoweza, ila usiziuzie zahanati hizo usiku uliobaki wa kulala. Na simu ya shangazi ya saa sita usiku kuhusu mafua inaweza kungoja asubuhi.

Jambo lingine linanitia hofu, nalo husemwa kwa kunong'ona. Nyinyi ndio mtakaoshika funguo za kabati la dawa kali. Mtu asiyelala huanza na kidonge kimoja cha usingizi. Mwingine huanza na chupa ya bia baada ya zamu, ikawa nne. Mwingine huiona pethidini iliyobaki kwenye bomba la sindano. Ukiona mkono wako unaelekea huko, hata kwa mawazo tu, hapo hapo umeshahitaji msaada. Usiseme utaacha wiki ijayo.

Najua kwa nini hamwendi kutafuta msaada. Tumeifanya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kuwa neno la kutukanana, na daktari akionekana kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, habari zinafika kantini kabla yake. Woga huo hauko kwetu tu. Mwezi Aprili 2020 Daktari Lorna Breen, mkuu wa idara ya dharura katika hospitali moja ya New York, alijiua baada ya wiki za kuhudumia wagonjwa wa korona na kuugua korona yeye mwenyewe. Familia yake ilisema aliogopa kwamba kutibiwa akili kungemgharimu leseni na kazi. Mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake, ya kuwalinda na kuwasaidia watumishi wa afya. Kama unaogopa kuonekana hospitalini kwako, nenda ya wilaya nyingine, nenda kwa mwalimu wako wa zamani, nenda kwa sheikh au padri unayemwamini akusindikize kwa mtaalamu. Mawazo ya kufa yakikujia, usikae nayo usiku huo peke yako. Mgongee mwenzako mlango, na mwenzako, ukigongewa, usimwambie alale tu.

Na asiwaambie mtu kwamba kujitunza ni uchoyo. Chama cha Madaktari Duniani kilipolipitia upya Tamko la Geneva mwezi Oktoba 2017 mjini Chicago, kiapo kilichokuwapo tangu 1948, kiliongeza ahadi ambayo haikuwamo kabla: daktari anaahidi kuangalia afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma iliyo bora. Mtakapoinua mkono siku ya kuapa, mtaahidi na hilo.

Mkiripoti kituoni, ulizeni ratiba ya zamu iliyoandikwa na kubandikwa, yenye jina la bingwa wa kuitwa kila usiku na namba yake ya simu, na jina la pili la kupigia huyo wa kwanza asipopokea. Ulizeni daktari wa zamu analala wapi. Kama hakuna chumba, tafuteni stoo yenye dirisha. Hospitali nyingi zinayo, imejaa vitanda vibovu. Mwandikieni mganga mfawidhi barua ya kuomba isafishwe, iwekwe kitanda, chandarua, ndoo ya maji na soketi ya kuchajia simu. Wekeni saini wote, watarajali wa udaktari, wa uuguzi na wa famasia, mbaki na nakala. Kabla ya kuipeleka, mpitishieni muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi aisome. Atasaini na yeye.